Mstari Mmoja Ukiteleza

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kibarua cha kutoa pini. Ofisi ilikuwa na faili za miaka na mikaka. Sisi vijana sita tulizifungua, tukang'oa stepo zilizoshika kutu, tukanyoosha kona, tukaskani. Jioni supavaiza alizipakia zote kwa mpigo: folda moja ya picha, na jedwali moja la majina, namba na tarehe. Mfumo husoma jedwali mstari kwa mstari, ukampa kila mtu karatasi zake.

Siku moja mtu alifuta seli moja tu, majina yote yaliyofuata yakapanda juu hatua moja. Manze, kila mtu akapewa faili ya jirani. Mfumo haukulalamika. Kwake kila kitu kilikuwa sawa.

Nikitembea kurudi nyumbani nilikuwa nawaza: sasa Majengo yetu ikipakiwa hivyo, itatoka vipi?

Majengo ni sehemu ya Pumwani, eneo ambalo wakoloni walilitenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa Waafrika wa Nairobi, wakitaka vijiji vyao vya zamani kama Pangani viondoke. Ulipewa kiwanja, ukajenga mwenyewe kwa fito na udongo. Nyumba yako, ardhi ya manispaa. Wanawake wengi walijenga hapa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha 1990, ameeleza jinsi baadhi yao walivyojenga kwa pesa za umalaya. Alijuaje? Miaka ya 1970 alikaa chini na wazee wenyewe, wakamsimulia.

Faili za serikali zilikuwa na shughuli nyingine. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwasajili wanaume kuanzia miaka 16, na alama za vidole. Ilitaka kujua nani ametoroka kazi kwa mzungu. Mwanamke mwenye nyumba hakuwa na kipande. Na mwanamume aliyesilimu baada ya kufika mjini alibaki na jina moja kwenye kipande na jingine msikitini. Utamtafuta kwa lipi?

Halafu kuna faili zilizohamishwa. Uhuru ulipokaribia, amri ya London ya 1961 ilisema karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza zisiachiwe serikali mpya. Nyingine zilichomwa, nyingine zikapandishwa ndege. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa na faili takriban 1,500 za Kenya, zimefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa wazee 5,228. Karatasi zilikuwepo muda wote huo. Hazikuwa kwenye orodha ambayo mtu wa nje angeweza kuiona.

Aprili 2021 serikali yetu ilizindua Ardhisasa, rekodi za ardhi mtandaoni, ikianza na Nairobi. Poa sana, kupanga foleni kunachosha. Lakini mashine hupakia kilichoandikwa. Familia iliyoishi miaka tisini kwenye kiwanja bila hati haina cha kuskaniwa, na siku mtaa "utakapoboreshwa" atakayeulizwa karatasi ni yeye.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilimwomba nyanya afungue sanduku lake la bati. Risiti za kodi ya kiwanja, nyingine zimeliwa na mende. Nikazipiga picha moja moja, nikafungua jedwali. Nilipofika kwenye jina nikakwama. Risiti zilikuwa na jina la mamake la ushago, tena limekosewa herufi. Mtaani alijulikana kwa jina la Kiislamu.

"Niandike lipi, nyanya?"

"Yote mawili," akasema. "Na mlango ulikuwa wa kijani, andika pia."

Nikaongeza safu.