Ufuo wa Goma: mawe mengi, mchanga kidogo

GOMA – Anayetoka Goma na kuvuka mpaka hadi Gisenyi anaona tofauti mara moja. Upande wa Rwanda, watoto wanachezea mchanga kando ya ziwa. Upande wa Goma, sehemu kubwa ya ufuo ni mawe meusi yenye ncha, changarawe, na mchanga mweusi kidogo uliojificha katikati yake. Ziwa ni moja, Kivu. Kinachotofautiana ni historia ya ardhi yenyewe.

Karibu na Gisenyi, mto Sebeya unaingia ziwani ukibeba udongo na mchanga kutoka milima ya zamani sana. Miamba ya huko ina punje ngumu zinazong'aa, ambazo hazisagiki haraka. Goma haina mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama katika nyufa za lava na kupita chini ya nyumba za watu hadi ziwani. Kwa hiyo hakuna kinachowaletea wakaaji wa Goma mchanga kutoka mbali. Ufuo wao umetengenezwa na volkano.

Mont Goma, ule mlima mdogo karibu na bandari, ni volkano ya zamani. Upande wa Sake, lava ya Nyamulagira iliingia ziwani katika mlipuko ulioanza mwaka 1938 na kuisha 1940. Kisha ikafika tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katika uwanja wa ndege, ikateketeza Birere na katikati ya mji, ikaingia ziwani. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Ardhi mpya ilitokea pale ambapo zamani palikuwa maji. Mwaka 1977 na tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka pia, lakini haikufika ziwani.

Lava ya moto ikigusa maji baridi, inapasuka vipande vipande. Vingine ni vikubwa kama kichwa cha mtu, vingine ni punje nyeusi kama kioo kilichosagwa. Wataalamu huita mchanga zile punje zisizozidi milimita 2. Zaidi ya hapo ni changarawe na mawe. Mawimbi ndiyo yanayochambua mchanganyiko huo: yanabeba punje ndogo hadi maji ya kina au kwenye vighuba vilivyotulia, na kuacha mawe pale yanapopiga kwa nguvu. Ila ziwa Kivu halina maji kupwa na kujaa kama bahari, na mawimbi yake si makubwa. Ndiyo maana mawe ya mwaka 2002 hayajawa mviringo. Kazi hiyo inahitaji miaka mingi kuliko umri wa mtu.

Jambo hili linagusa maisha ya watu. Tabaka nene la mchanga huchuja maji machafu yanapopita polepole kati ya punje zake. Lava yenye nyufa haichuji vile. Uchafu wa choo unaweza kufika mbali haraka.

Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Waliwekwa Mugunga, Kibumba na Katale, juu ya lava ngumu. Kuchimba vyoo kulishindikana, hata makaburi. Wengi walikunywa maji ya ziwa hivyo hivyo. Kipindupindu na kuhara damu viliwaua, na katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa.

Familia zilizokimbia vita na kuishi Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zinaijua ardhi hiyo kwa mikono yao: walisawazisha mawe ili kusimamisha mahema, na mashimo ya vyoo yalikuwa mafupi. Mwaka 2023 kipindupindu kilienea tena katika kambi hizo. Si kwamba watu hao hawakupenda usafi. Walipewa mwamba mahali pa udongo.

Kwa hiyo, anayejaza bidoni kati ya mawe ya ufuo asidanganywe na maji yanayoonekana safi. Vidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, na mchanga kidogo wa Goma hauwezi kuvizuia. Maji hayo yatiwe klorini au yachemshwe kabla ya kunywewa.