Bugando: ya serikali au ya binafsi?

Ukiugua Nyahanga, pale Kahama, na ugonjwa ukiwa mzito, rufaa inaweza kukufikisha Bugando, Mwanza. Sasa jiulize: hiyo ni hospitali ya serikali au ya binafsi?

Kanisa Katoliki liliijenga, ikafunguliwa 1971. Mwaka uliofuata serikali ikaichukua. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za kibiashara nchini, za dini zikaachwa. Uchumi ukayumba, dawa zikaadimika. Mwaka 1985 Bugando ikarudishwa kwa maaskofu, huku serikali ikiendelea kulipa mishahara ya watumishi. Mwaka 1991 hospitali za kibiashara zikaruhusiwa tena.

Halafu angalia hili: mwaka 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza kutoza wagonjwa. Tukaita “kuchangia huduma”. Mwenye jengo hakubadilika. Kilichobadilika ni nani anatoa hela.

Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana kuhusu serikali na binafsi, usiishie kuuliza jengo ni la nani. Uliza: siku nikiugua sina kitu mfukoni, nani analipa? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itapimwa kwa swali hilohilo.