Siku Guido alipong'atuka

Ni alama mbili tu: nukta pacha, kisha alama ya usawa, hivi :=. Kazi yake ni kumwezesha mwandishi wa programu kukipa kitu jina papo hapo anapokitumia, bila kutenga mstari mwingine. Waliozitaka waliona zinaokoa maneno. Waliozikataa waliona zinaichafua Python, lugha inayosifika kwa kusomeka kirahisi. Mwaka 2018 ubishi ukawaka kwa miezi.

Wa kuamua alikuwa Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuiandika Python mjini Amsterdam wakati wa likizo ya Krismasi ya 1989. Wenzake walimtania kwa cheo cha "Dikteta Mwema wa Maisha", na cheo kikamganda: wakishindwa kuelewana, neno lake ndilo la mwisho. Lakini hakuwa na askari wala jela. Python ni programu huria. Asiyeridhika ana haki ya kuchukua nakala na kwenda kuanzisha yake. Mkubwa wa namna hii anatawala kwa kukubaliwa tu.

Basi Julai akaamua kuzipitisha zile alama. Alishinda! Na tarehe 12 ya mwezi huohuo akawaandikia wenzake kwamba anang'atuka. Alichoka kupigania jambo kwa nguvu kiasi kile, kisha kukuta wengi wanauchukia uamuzi wake. Mrithi hakuteua, aliwaachia wajiamulie watakavyoongozwa. Kwangu mimi, hilo la kutoteua mrithi ni kubwa kuliko lugha yenyewe.

Yakaja mapendekezo saba. Kuna waliotaka tena kiongozi mmoja, kuna waliotaka watatu, kuna waliotaka pasiwe na mkubwa kabisa. Desemba wakapiga kura, likapita baraza la watu 5, wasiozidi 2 kutoka kwa mwajiri mmoja, linalochaguliwa upya kila litokapo toleo kubwa la Python. Theluthi mbili ya kura za waandishi wakuu wa Python zinatosha kuling'oa. Upinzani uliomchosha Guido sasa ukawa na kifungu chake katika sheria.

Mapema 2019 Guido alichaguliwa kuingia katika baraza hilo, sauti moja kati ya tano. Oktoba toleo la 3.8 likatoka na zile alama mbili ndani yake. Uchaguzi uliofuata ulipowadia, aliliondoa jina lake.