Sampuli

Mtu akisema "watu wa sampuli ile", anamaanisha aina. Mnunuzi akiomba sampuli ya kitambaa, anataka kipande cha kuonea. Takwimu imeichukua maana hii ya pili na, kwa sampuli ya nasibu, kuitilia sharti: kila mmoja katika kundi lote awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa.

Sharti hilo lina uzito Gisozi, jijini Kigali, kwenye Agakiriro, eneo la maseremala na wauza mbao. Mtafiti wa mapato akiwahoji walio kando ya barabara peke yao, amepata sampuli ya urahisi. Wa mabanda ya nyuma hawamo. Afadhali aorodheshe wote, achague kwa nasibu. Au awagawe kwanza kwa kazi, wapasua mbao, wapiga randa, wapaka vanishi, kisha achague ndani ya kila tabaka.

Sensa, tofauti na sampuli, haichagui. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 13,246,394 Rwanda nzima.

Majibu nayo si ya aina moja. Kazi ya mtu ni jina tu, hata ikiandikwa 3 kwenye dodoso. Makundi 4 ya mwaka 2015 ya Ubudehe, mpango wa Rwanda wa kuainisha kaya kwa hali ya maisha, yalipanga kaya kuanzia zilizo maskini zaidi, lakini pengo kati ya la 1 na la 2 halina kipimo, hivyo kuyatafutia wastani ni kosa. Urefu wa ubao ni tofauti: mita 4 ni mara mbili ya mita 2.

Waandishi wa habari wanaopenda kusema "utafiti umeonyesha" watuambie pia walihojiwa wangapi, na walichaguliwaje.