Ua Katikati ya Nyumba

Msanifu majengo wa California anapochora leo nyumba ya kitongojini yenye paa la chini, boriti zilizoachwa wazi na ukuta mzima wa kioo, mkono wake unapita njia iliyokwisha kukanyagwa. Ukiirudi njia hiyo hadi mwanzo, utafika Hillsborough, kusini mwa San Francisco, kwenye nyumba ya mwaka 1940 iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliipanga mfanyabiashara wa jumla wa siagi na mayai, Joseph Eichler.

Alikuwa mpangaji tu, lakini nyumba ile haikumtoka moyoni. Vita vilipokwisha akageukia ujenzi, akamtafuta msanifu Robert Anshen, na baadaye A. Quincy Jones, wamchoree nyumba za namna hiyo kwa watu wa kipato cha kati. Hadi kampuni yake inafilisika mwaka 1967, zilikuwa zimejengwa takriban 11,000.

Kwa upande wa barabarani nyingi zimejifunika, dirisha hulioni. Unafungua mlango, na kumbe bado uko nje: umesimama uani, mbingu juu yako, vyumba vimekuzunguka kwa vioo. Kwangu mimi hili ndilo wazo bora kuliko yote aliyoyaacha Eichler. Mtoto anacheza juani na aliye jikoni anamwona. Chini ya nyayo, mabomba ya maji moto yaliyozikwa kwenye zege yanapasha sakafu. Baadhi yalikuwa ya chuma, yakaliwa na kutu, na vioo vya tabaka moja vilipitisha baridi. Anayejenga sasa aweke kioo cha tabaka mbili; na kwa kuwa mbao za dari ndizo zinazobeba paa, kizuia joto akitandaze juu yake.

Lakini asiishie kwenye mbao na vioo. Miaka ile vitongoji vingi vipya vya Marekani vilikuwa haramu kwa Weusi. Levittown ya New York iliandika katazo hilo ndani ya mikataba yake. Eichler alimuuzia yeyote aliyeweza kulipa. Mwaka 1958, chama cha kitaifa cha wajenzi kilipokataa kuunga mkono msimamo wa kutobagua wanunuzi, alijitoa. Sheria ya shirikisho iliyopiga marufuku ubaguzi huo ilikuja miaka kumi baadaye, kampuni yake ikiwa imekwisha kuanguka.