Efatha: Kanisa na Mtoto Asiyesikia

Katika Warumi 10:17 Mtume Paulo anafungamanisha imani na kusikia. Kwa karne nyingi wako Wakristo walioelewa aya hiyo kwa habari ya sikio la mwili tu, wakadhani kiziwi hafundishiki Neno. Kanisa limechukua muda mrefu kulisahihisha wazo hilo.

Karne ya 18, mjini Paris, padri Charles-Michel de l'Épée alitaka watoto viziwi wa maskini wapate mafundisho ya dini. Hakungoja wasikie. Alijifunza ishara kutoka kwao, akafungua shule. Lakini mwaka 1880 mkutano wa walimu mjini Milan uliamua ishara ziachwe, watoto wafundishwe kutamka na kusoma midomo. Viziwi wengi waliumia kwa uamuzi huo.

Barani Afrika, Andrew Foster, mmisionari Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alifungua shule Ghana mwaka 1957, kisha nyingine nyingi katika nchi mbalimbali. Hapa Tanzania, Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Walutheri nao walifungua shule Mwanga, Kilimanjaro, na hapa kwetu Njombe. Hivyo mtoto aliyekuwa akifichwa nyumbani kama laana alivaa sare, akaenda shule.

Kisha ikaja tiba mpya. Mwaka 1978, mjini Melbourne, Profesa Graeme Clark, Mkristo ambaye baba yake alikuwa mgumu wa kusikia, alimpandikiza mgonjwa kifaa cha usikivu alichokibuni na wenzake. Shimesikio hukuza sauti tu. Kifaa hiki hupeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Watoto wetu walipelekwa India kukipata, hadi mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza upandikizaji huo nchini.

Tumshukuru Mungu, lakini tusidanganyane. Kifaa hakimfai kila kiziwi. Aliyezaliwa hasikii hunufaika zaidi akipandikizwa mapema, kwa kuwa ubongo hujifunza lugha katika miaka ya kwanza. Baada ya upasuaji huja miezi mingi ya mazoezi ya kusikia na kutamka, kurekebisha kifaa, na kutafuta betri. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Mama mkulima anayepanda basi hapo njia panda anahitaji nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kumwangalizia wengine aliowaacha. Mwaka mmoja wa kungoja "labda atachelewa kusema" unaweza kumgharimu mtoto lugha.

Tumtazame Bwana katika Marko 7. Alimtenga yule kiziwi na makutano, akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni. Ndipo akasema, "Efatha." Alizungumza naye kwa mikono kabla hajamfungua masikio.

Huo ndio utaratibu wetu pia. Mtoto mchanga asiposhtushwa na kelele, au akiugua uti wa mgongo, apelekwe hospitali masikio yapimwe. Jumuiya ichangie nauli bila mama kuomba mara ya pili. Na mwalimu wa Shule ya Jumapili ajifunze lugha ya alama sasa, maana yuko mtoto ambaye hatapata kifaa kamwe, naye ana haki ya kuijua Injili.