Hospitali za Kanisa na Jeraha la Nyumbani

Mwaka 1971 una nafasi ya pekee katika historia ya huduma za afya za makanisa nchini Tanzania. Mwaka huo zilifunguliwa hospitali mbili kubwa: KCMC ya Moshi, iliyojengwa na Shirika la Msamaria Mwema, na Bugando ya Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki. Mwaka huohuo nchi yetu ilipata Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Hata hivyo, hospitali na sheria hiyo vilichukua miaka mingi kukutana. Mwanamke aliyepigwa na mumewe alishonwa jeraha, akapewa dawa, akarudi nyumba ileile. Akisema ameanguka, iliandikwa kwamba ameanguka. Akitaka kusema kweli, alitakiwa apitie kwanza kituo cha polisi kuchukua fomu namba 3, yaani PF3. Kwa mama wa kijijini, mwenye mtoto mgongoni na damu usoni, safari hiyo ilikuwa ndefu, na wengi waliishia njiani.

Duniani kote mambo yalikuwa hivyo. Ilikuwa mwaka 1996 tu ambapo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kuwa ukatili ni tatizo la afya ya jamii. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kuwa, kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Katika nchi zilizochunguzwa, wengi ambao hawakutafuta msaada walisema kipigo ni jambo la kawaida, au si kubwa kiasi hicho.

Mwaka 2011 Wizara ya Afya ilitoa miongozo ya kuwahudumia waathirika wa ukatili wa kijinsia. Vikaanzishwa pia vituo vya mkono kwa mkono, ambamo tabibu, polisi, afisa ustawi wa jamii na mshauri wa sheria hupatikana mahali pamoja, ili mama asirudie kisa chake mlango hadi mlango. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaeleza jambo ambalo hata zahanati ndogo inaliweza: kumsikiliza bila kumhukumu, kumuuliza mahitaji yake, kumwonyesha kwamba anaaminika, kupanga naye usalama wake, na kumwunganisha na msaada. Hayo yote hayahitaji mashine.

Kliniki ya wajawazito ina nafasi kubwa hapa. Ni mahali ambapo mwanamke huenda bila kuulizwa anakwenda kufanya nini. Kipigo wakati wa ujauzito kinaweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe na uzito mdogo. Lakini siku hizi waume wanahimizwa kuwasindikiza wake zao kliniki. Jambo hilo ni jema, ila muuguzi mwenye busara hutafuta nafasi ya kuzungumza na mama peke yake. Akimuuliza mbele ya mume, anaweza kumponza.

Jina la shirika lililojenga KCMC linatukumbusha mfano tunaoufahamu sote, katika Luka sura ya 10. Msamaria hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimpeleka majeruhi mahali pa salama, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Ipo tofauti moja inayotupasa kuitafakari: katika mfano ule wanyang'anyi walikwisha kuondoka. Mama anayepigwa hurudi jioni kumpikia aliyempiga. Kumtibu na kumrudisha bila mpango wa usalama ni kumwacha njiani.

Yako mabadiliko. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015 hadi 2016 zilionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 27. Lakini zaidi ya mmoja kati ya wanne bado ni wengi mno, nao wamo katika kwaya na vikundi vyetu vya akina mama.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya wazee wa kanisa kuwaita mume na mke kuwapatanisha, na waulize kwanza kama mama yuko salama na kama ametibiwa. Uvumilivu tunaouhubiri katika ndoa haukukusudiwa kuwa kifuniko cha kipigo. Kila usharika ujue kituo cha mkono kwa mkono kilicho karibu, na mama asiyekuwa na nauli apate wa kumfikisha.